Redio Jikoni kwa Kukhu

Juzi mwanangu alikuja kutoka Nairobi, akawasha redio yangu kubwa ya sebuleni, akasikiliza kidogo, akakunja uso. "Mama, hii sauti imechoka. Nikubadilishie nini kwanza, spika ama amplifaya?" Nikamuuliza mvua itanyesha saa ngapi. Alinitazama kana kwamba uzee umeniingia vibaya, nami nikacheka mpaka machozi, maana swali lake nililisikia kwanza kwetu Shinyalu, Kakamega, nikiwa msichana wa miaka tisa, bendera yetu ikiwa bado mpya.

Shangazi alikuwa ameenda Nairobi kusomea uuguzi, na mwaka mzima hatukumwona. Kisha barua ikaja: Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa kumi alasiri, kwaya yao itaimba redioni, naye ataimba ubeti wa pili peke yake. Nyanya, ambaye sisi tulimwita kukhu, alinisomesha barua hiyo mara nne. Masikio yake yalikuwa yameanza kuwa mazito, na hofu yake ilikuwa moja tu: mtoto wake aimbe, yeye asisikie.

Baba, karani wa mjini na mpenda mambo ya kisasa, akaapa kwamba mama yake atasikia. Redio yetu ya mbao ilikuwa ikikoroma. Akaanza na spika. Alipata kubwa kwa fundi wa sokoni, akaifungia ndani ya sanduku la majani ya chai. Lo! Mkoromo ukazidi. Akageukia mawe ya redio, yaani betri, tukayaanika juani kando ya maharagwe yapate nguvu, wapi! Akaleta mapya. Mwisho kabisa ndipo akakumbuka antena, akapanda mti uani huku mimi nikimshikia waya. Waya ulipofika juu, mkoromo ulikatika, sauti ikaja safi. Mama aliacha kupeta maharagwe. "Si angeanza na waya tu," akaninong'oneza, "tungepumzika zamani."

Jumapili ikafika. Kukhu alivaa gauni la kanisani na kitambaa cheupe, akaketi sebuleni kwetu chini ya mabati mapya, fahari ya baba. Saa kumi kasorobo, mvua. Kama umewahi kuishi Kakamega unaijua mvua ya alasiri, haibishi hodi. Mabati yakanguruma. Baba alizungusha kitufe mpaka mwisho, hatukuambulia hata neno. "Hiyo redio yenu inaongeanga, mvua inaijibu," kukhu alisema polepole, machozi yakimlengalenga. Nilimhurumia mpaka nikataka kulia mimi.

Mama ndiye aliyekumbuka. "Jikoni kwa kukhu hakuna mabati." Jiko lile la nyasi baba alikuwa ameapa kulibomoa, eti lilimwaibisha mbele ya wageni. Sasa baba akaifunika redio kwa koti lake la ofisini, mama akabeba sanduku la spika, mimi nikavuta waya, kukhu mbele yetu sote, tukakimbia matopeni. Kuingia ndani, kimya. Nyasi zilikuwa zinainywa mvua yote. Kulikuwa na harufu ya moshi na mahindi ya kuchoma, na kuku mmoja akiatamia pembeni. Baba aliunganisha waya. Ubeti wa kwanza ulikuwa unaisha. Halafu shangazi akaimba.

Kukhu hakulia. Alisikiliza mkono wake ukiwa juu ya sanduku mpaka wimbo ukaisha, kisha akasema, "Huyu mtoto hali vizuri. Mpelekeeni kuku." Baba alicheka, lakini Jumamosi alipanda basi na kuku kikapuni. Aliporudi hakucheka. Shangazi alikuwa ametoka kuugua, akatuficha ili tusiwe na wasiwasi. Habari ya kubomoa jiko sikuisikia tena.

Lilianguka lenyewe, miaka kadhaa baada ya kukhu kufariki. Siku hizi kijiji kizima ni mabati, na anayejua kuezeka nyasi humpati. Mwanangu aliniletea spika mpya, nami nikashukuru. Kila Jumapili hunipigia simu, sauti safi utadhani yuko mlangoni, ananiambia yuko sawa kabisa. Mimi huzima redio, nikafunga dirisha, nikamsikiliza kwa makini. Kila neno nalisikia. Lakini kama amekula, sijui.