Ukumbi Uliojazwa na Ndugu

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa na ugonjwa mmoja tu maishani: hakuweza kuvumilia kuona kiti kitupu. Nasema ugonjwa kwa sababu ukoo mzima tuliutafutia dawa tukachoka. Mchana alikuwa mtunza ukumbi wa manispaa, mwajiriwa wa halmashauri, mwenye funguo zote kiunoni. Jioni aligeuka kuwa mkuu wa kikundi cha maigizo kilichofanya mazoezi na maonyesho humo humo bila kulipishwa. Waigizaji wake walimwita Pomoni, na jina likamkaa hata sisi nyumbani tukalisahau lile la kuzaliwa.

Ikisikika kwamba mgeni yeyote wa maana atakuja kutazama mchezo, basi siku hiyo hatuna raha. Pomoni anapita nyumba kwa nyumba, kwa dada zake, kwa mashemeji, kwa majirani, kwa mafundi wa karakana ya nyuma. "Vaeni vizuri, mje mapema." Anakupokea mlangoni na anakupangia pa kukaa. Wanene aliwaweka katikati ya safu, kwa kuwa wanaziba mapengo. Wenye kikohozi alikuwa anawarudisha nyumbani. Mimi nilikaa nyuma ya mgeni siku zote, eti kicheko changu kinaambukiza. Nimecheka vichekesho vile vile miaka nenda miaka rudi, tena kwa moyo, mpaka nikawa najua mahali pa kuvuta pumzi.

Ukimuuliza anahangaika nini, jibu lake lilikuwa lile lile. Enzi za ujana wake alipata kuigiza mbele ya mkubwa fulani, safu tatu za mbele zikiwa tupu, na yule mkubwa akaondoka kabla ya sehemu ya pili. Baadaye kikundi kile kikafutwa. "Mgeni akiona kiti kitupu," alikuwa akisema, "anajua pa kuanzia kupunguza." Hapo dada yangu humwambia anywe chai yake ikiwa bado ya moto.

Siku za kawaida, nisifiche, ukumbi ulikuwa unapata watu wa kukaa safu mbili, na mvua ikinyesha hata hao hawaji, maana paa lilikuwa linavuja kama chujio. Halmashauri haikuwa na fedha za paa. Ndipo ofisa utamaduni, kijana mpole anayefunga tai hata Jumamosi, alipokuja kutueleza habari za ubia. Serikali inatoa jengo, kampuni binafsi inatoa fedha: paa jipya, viti vipya, taa, vyoo vinavyofanya kazi. Wasanii wa hapa, alisema, hawatasahauliwa. Kabla ya mkataba, watu wa kampuni watakuja kutazama ukumbi unatumikaje.

Malkia alipiga vigelegele. Huyu alikuwa mwigizaji mkuu wa Pomoni, mama mmoja mshona mapazia ambaye hakuwahi kupewa sehemu yoyote isipokuwa ya mke wa mfalme. Pomoni yeye hakushangilia. Nilimwona anatazama viti, midomo inacheza, nikajua tumekwisha.

"Shemeji," nikamwambia tukitoka, "hawa wamesema wanataka kuuona ukumbi ulivyo. Waache wauone."

"Ulivyo? Wewe umewahi kumkaribisha mgeni sebuleni kabla hujafagia?"

"Sijawahi."

"Basi."

Nikaenda kupiga pasi shati langu.

Walikuja, tena si mara moja. Mwezi mzima kila penye onyesho alikuwepo mama mmoja wa kampuni, mstaarabu, ameshika simu kubwa anaandika humo. Na mwezi mzima ukoo wetu haukulala vizuri. Watu waliazimana viatu. Dada yangu alipika saa tisa alasiri ili jioni nyumba iwe tupu. Binamu aliyekuwa amegombana na Pomoni kwa sababu ya kiwanja naye alikuja, akakaa, akapiga makofi kwa uso wa kununa. Ukumbi ulifurika. Jioni ya mwisho yule mama alinisimamisha mlangoni akaniuliza kama huwa ninakuja mara nyingi.

"Mama," nikamwambia, "sisi hatukosi."

Alicheka, akaandika.

Ukumbi ukafungwa, mafundi wakaingia. Pomoni alikuwa anapita kila asubuhi kuchungulia kwenye upenyo wa mabati, anarudi na habari kama mtu mwenye mtoto hospitali: leo wamepandisha mbao, leo wameleta viti vyekundu. Wakati ule alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kwake, na ninaumia nikiikumbuka. Mkataba ulikuwa umeshasainiwa bila yeye kuambiwa. Aliambiwa tu kwamba kampuni ina walinzi wake na wasafishaji wake, kwa hiyo halmashauri inamhamishia kwenye geti la maegesho ya magari. Akarudisha funguo. Hata hilo alilimeza, kwa sababu bado alikuwa anangoja kupewa siku za kikundi.

Siku zenyewe zilikuwa zinauzwa. Alikwenda kwenye meza ya kioo pale mlangoni, akaonyeshwa bei ya onyesho moja, na bei hiyo kikundi kizima kingeuza vitanda vyao kisiifikie. Akadhani ni makosa. Akaenda kwa ofisa utamaduni, na kijana akamfafanulia taratibu, maskini, bila kujua anamchoma. Kumbi zote za ubia huo zilikuwa zimepangwa katika mafungu mawili. Ukumbi wenye watazamaji wachache ulihesabiwa huduma kwa jamii, na huo kampuni ilikubali kuwaachia wasanii wa nyumbani siku mbili kila wiki, bure. Ukumbi unaojaa ulihesabiwa biashara. "Na ninyi, mzee, mmeng'ara," alimwambia. "Wale hawakuwahi kuona watu wengi namna ile."

Pomoni alirudi nyumbani akaketi kitandani na viatu miguuni. Dada yangu alimvua kimoja kimoja.

Walijaribu kufanya mazoezi sebuleni. Walisogeza makochi, mfalme akawa anatoa amri zake akiwa amebanwa na friji, jirani akawa anagonga ukuta. Mmoja akapata safari, mwingine akapata kazi ya zamu, mwingine akaacha tu kuja. Malkia alikuja siku moja jioni, hakukaa, akasema amepata kibarua pale pale ukumbini, cha kuwaonyesha watu viti vyao. Alikuwa analia. Pomoni alimuuliza amepangiwa mlango upi. Akamwambia asisimame upande wa kushoto, pana kingazi kinawakwaza watu. Malkia alipotoka, Pomoni alizima taa ya sebule ingawa sisi wengine tulikuwa bado tumekaa, na tangu jioni ile kikundi hakikukutana tena.

Nikamwona anakonda. Anatoka getini, anakula matonge mawili, anawasha televisheni anaondoa sauti. Dada yangu aliniambia kwamba analia usingizini, mtu mzima. Nikasema liwalo na liwe, twende tukaseme ukweli. Nikamshika mkono mpaka ofisini kwa ofisa utamaduni.

"Wale watu," Pomoni akasema, bado amesimama, "walikuwa ndugu zangu."

Kijana hakuelewa. "Ndugu zako wepi, mzee?"

"Wote. Wale waliojaza ukumbi. Huyu shemeji yangu, dada zake, binamu zangu, majirani. Watazamaji wa kweli ni safu mbili, na safu ya pili haijai. Mimi ndiye niliyewapanga. Waambie waje tena wahesabu upya."

Yule kijana alilegeza tai yake. Akamtazama mzee ambaye yeye mwenyewe alimpa sifa zile zote.

"Ripoti ilishapita, mzee. Mkataba ulishasainiwa. Nitakwambia kitu: hata sasa ukumbi haujai. Tiketi haziuziki, wiki nyingine hawawashi hata taa. Lakini ni wao wenye ukumbi."

"Mpaka lini?"

"Miaka thelathini. Baada ya hapo jengo linarudi kwa wananchi. Imeandikwa."

Pomoni alikuwa na miezi michache tu kabla ya kustaafu. Magoti yalikuwa yanamsumbua kupanda ngazi za ofisi ile. Nilimwona anawaza, kisha akakaa kwenye kiti kwa mara ya kwanza tangu tuingie.

"Likirudi," akauliza, "kikundi kitapewa siku zake?"

Kijana alinitazama mimi. Mimi nikatazama sakafu.

"Kitapewa, mzee."

"Asante sana, mwanangu," Pomoni akasema, akampa mkono, mikono yote miwili. Nikamkazia macho usoni, maana nimemtazama mtu huyu jukwaani maisha yangu yote na ninamjua anapoigiza. Hakuwa anaigiza.