Wingu la Kamanga

Enzi zetu hapa Kirumba, hali ya hewa haikutoka kwenye simu. Ilitoka kwa bibi yangu, mama yake mama.

Kila asubuhi, dagaa wakishateremshwa kwenye mitumbwi, wanawake hawakuwaanika juu ya mawe mpaka nitumwe. “Kamuulize bibi.” Nakimbia peku, gauni la mitumba linapepea.

“Shikamoo bibi. Tuanike?”

“Marahaba.” Anatazama ziwa taratibu kama anayechambua mchele. Wingu likiwa limetokea ng'ambo, upande wa Kamanga, anacheka. “Hilo ni abiria tu, halishuki hapa. Anikeni.”

Na kweli linapita. Sisi wasichana tunarudi kwenye mchezo wetu wa rede, kukwepa mpira, mikono inanuka dagaa, mdomoni kiazi kitamu.

Halafu mvua zikaanza kuja hovyo, hata Julai. Siku moja wingu la Kamanga likashuka. Lo! Dagaa wa mtaa mzima wakalowa, wakaoza, tukawamwagia kuku. Hakuna aliyemsema bibi. Waliacha tu kunituma. Mama na wenzake wakajenga vichanja vya miti iliyofungwa kamba, juu nyavu kuukuu, pembeni turubai. Wingu likitokea wanafunika, basi.

Bibi hakuacha kutoa kigoda chake nje. Kila asubuhi amejifunga kitenge chake kizuri, anatazama njia. Nami nilipita mbio kwenda shule, namwamkia bila kusimama, maana sikuwa na swali. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Asubuhi moja nikashindwa kumpita, nikarudi.

“Bibi, tuanike?”

Akaangalia Kamanga muda mrefu. “Sijui, mjukuu wangu.”

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Kisha akainuka, akabeba kigoda chake. “Twende. Kufunga kamba bado najua.”

Alifunga vichanja mpaka macho yalipomkatalia.

Vijana wa siku hizi wanachungulia simu. Simu inasema jua, mvua inawanyeshea, na wala haioni aibu! Vichanja sasa vimejaa ufukwe mzima, na dagaa wanakauka vizuri kuliko wetu. Lakini bibi hayupo, mama hayupo, wenzangu wa rede wametawanyika. Nimebaki peke yangu, na wingu likivuka kutoka Kamanga bado nageuka kutafuta wa kumuuliza. Hata angenijibu “sijui”, ningeridhika.