Bwawa Lililosuguliwa

Asubuhi yoyote ungepita kwa Kagure, mjane wa Wamae, ungekuta uwanja umefagiwa mpaka unaona haya kuukanyaga. Hata kuni alizipanga kwa urefu wake. Majirani wa Mukurweini walimcheka, naye akawaacha wacheke, maana tangu mumewe afariki, usafi ndio uliomfanya atembee kichwa juu.

Kilichomnyima usingizi ni kile kipande cha bondeni. Baada ya mashamba kupimwa upya, shemeji yake Gicheru alidai ni chake, ati mjane asiye na mtoto wa kiume hana kazi na ardhi ya mtoni. Kagure alikuwa amechimba bwawa la samaki pale, kwa hiyo wazee wa ukoo wakampa mwaka. Wakikuta samaki wa maana, kipande kitabaki kwake. Wakikuta dimbwi, Gicheru atachukua. Wazee wenyewe samaki hawakuwa wakila, walimwita nyoka wa maji, lakini wakishasema wamesema.

Aliyemfundisha kazi ni Philemon, Bwana Samaki wa serikali, mtu wa magharibi mwa nchi aliyeletwa huku mara tu baada ya uhuru. Bwawa lilikuwa la kina kifupi, jua likifika hadi chini, na chini kote kulikuwa kumetanda ukoga wa kijani, laini kama utando wa maziwa.

“Mama, hii usiguse,” Philemon alimwambia. “Ile mbolea ya ng'ombe unaweka inalala kwa matope. Hii ukoga inakula ile inatoka huko, inakaa kama kifuniko. Tena mchana inatoa hewa, samaki wanapumua. Ukiitoa, hiyo chakula yote inapanda kwa maji.”

“Sawa, Bwana Samaki,” alijibu Kagure, na kwa miezi mingi akatii.

Ilipobaki wiki moja wazee waje, Gicheru alipita kando ya bwawa, akatazama chini, akatema mate. “Mke wa ndugu yangu, ati hii uchafu ndiyo utaonyesha wazee?”

Neno hilo lilimchoma. Mtu wa kumwita Kagure mchafu hakuwa amezaliwa. Siku iliyofuata aliwaita wanawake wa ngwatio, wale wanaolimiana kwa zamu, wakaingia majini na reki na vikapu. Walikwangua ukoga wote, wakaurundika ukingoni. Tope lilipotulia, maji yakawa meupe na tilapia wakaonekana mmoja mmoja wakipita juu ya udongo mtupu. Kagure alisimama pale akitabasamu peke yake. Inauma kulisema, lakini hakuwahi kuwa na furaha kama ile tangu amzike Wamae.

Kisha jua likawaka siku kadhaa, na maji yakaanza kugeuka. Kwanza rangi hafifu tu. Baadaye yakawa mazito kama maji yaliyochemshiwa mboga za managu, na chini hakukuonekana tena. Harufu ikafika hadi jikoni. Kagure aliogopa, akatuma watu wamfuate Philemon mjini Nyeri.

Alifika mchana, siku moja kabla ya wazee kuja. Hakutazama maji kwanza. Alitazama lile rundo lililokauka ukingoni.

“Nani ametoa hii?”

“Ni mimi. Wageni wanakuja.”

Philemon alivua kofia. “Sasa kijani imepanda juu, imezuia jua, ile ya chini haiwezi kumea tena. Na hii ya juu, giza ikiingia inakula hewa yote. Fungua mfereji, Mama. Na uombe kesho kusiwe na mawingu, jua ndiyo inarudisha hewa.”

Alifungua mfereji. Ulikuwa wakati wa kiangazi, na maji yaliyoingia yasingejaza sufuria. Akateka mtoni kwa debe, akamwaga, akateka tena, mpaka mikono ikakataa.

Kulipopambazuka mlima haukuonekana. Wingu lilikuwa limeshuka hadi kwenye migomba. Juu ya maji midomo ya samaki ilifunguka na kufungika bila sauti, bwawa zima, na kila alipohesabu midomo hiyo ilikuwa imepungua.

Wazee walipoteremka na makoti yao, matumbo meupe yalikuwa yamejaa ukingoni.

“Kagure,” aliuliza mzee Hezekiah, mkubwa wao, “ni nini ulifanya?”

“Niliosha,” alisema.

Hakuna aliyecheka. Hezekiah alimwangalia Gicheru, akatikisa kichwa kukubali.

Gicheru alitua gunia alilokuwa amebeba begani. Ndani mlikuwa na itoka, yale maua ambayo watu wa huku hupanda mpakani, na yakishapandwa hakuna wa kuyang'oa. Udongo wa mizizi yake ulikuwa umeshakauka. Alikuwa ameyachimba kabla hata ya samaki wa kwanza kufa.

“Shemeji,” alisema kwa upole, “nisaidie jembe.”

Kagure alipanda nyumbani, akalichukua ukutani. Kabla hajampa, alilipangusa tope kwa leso yake.