Mkono wa Bibi Siku ya Chanjo

Chupa ya spiriti ikifunguliwa tu, hata leo, bega langu la kushoto hujikunja lenyewe. Ni harufu ya baba yangu. Wakati wa Wabelgiji alikuwa munganga wa ndui, akizunguka vijiji vya Kabambare na kisanduku cha chanjo, polisi wa chefu, mtawala wa eneo, nyuma yake, kwani aliyekataa kuchanjwa alifungwa. Baba aliona ni haki kabisa. "Sheria haina ndugu," alizoea kutuambia, hata tulipogombea paja la kuku.

Siku moja zamu ikafika kijiji chetu wenyewe, kando ya njia iendayo Wamaza. Watu walipopangwa mstari, bibi yangu, mama yake baba, alinivuta mkono akajifungia nami ndani. Ndui ilikuwa imemwachia mashimo uso mzima, na ilikuwa imemzikisha watoto wawili. Nilimsikia akinung'unika kwamba hataacha iingizwe mwilini mwangu kwa kisu.

Polisi akagonga mlango kwa fimbo. Kupitia ufa niliona akina mama wakianza kutoka mstarini, watoto mgongoni, macho kwa baba. Mlango ungevunjwa, bibi angelala kifungoni. Usingevunjwa, kijiji kizima kingeona mama wa munganga amesamehewa, kikakimbilia porini na watoto wake. 

Baba akamwambia polisi aende zake. Akavua kofia, akakaa chini mavumbini na kaptula yake nyeupe.

"Iko nani kwa mulango?" bibi akauliza. "Polisi ao mutoto yangu?"

"Mutoto yako, mama. Sikukuja kufunga mutu. Nakuomba."

 Bibi akafungua, akapita katikati ya watu, akashusha kitenge begani.

"Anza na mimi."

Baba akapaka spiriti taratibu, akauchanja mkono ule kwa adabu ambayo sijaiona hata kanisani. Nikafuata mimi. Akina mama wakarudi mstarini.

Nilikuwa mtu mzima nilipojifunza kwamba ndui haimrudii aliyepona. Nikamwuliza baba kama siku ile alijua. Akacheka. Nani hakujua? Kwetu walionusurika ndio waliotumwa kuwalisha wagonjwa, na bibi aliwalisha wengi.

Kumbe kijiji kizima kilijua dawa ile haimhusu bibi. Walichongoja kuona ni kama yule mwenye kisanduku alikuwa bado mtoto wa mtu.