Mguu wa Fundi Sauti

Fundi sauti wetu hasikilizi muziki, anautazama. Shemeji yangu akipiga besi, yeye anasogeza pua mpaka kwenye kioo cha kompyuta, anakagua milima ya rangi inayopanda na kushuka, halafu anafuta miwani kwa ncha ya shati. Jamani, na masikio anayo mawili, tena makubwa! Juzi, kwenye wimbo wetu wa kwanza kurekodi, alimkatisha shemeji mara saba.

"Kaka, huku chini kumezidi. Sayansi haidanganyi."

"Lakini fundi, umesikia?"

"Nimeona."

Nilitamani kumvua ile miwani nimvalishe masikioni. Mara ya nane shemeji akanuna, akafumba macho, akairudisha besi kwenye ule mngurumo wake wa miaka yote, unaokukamata tumboni. Nikachungulia chini ya meza: mguu wa fundi umetoka kwenye kandambili, unacheza wenyewe, kisigino kinagonga sakafu sawasawa na besi. Wimbo ukaisha. Fundi akatazama milima yake, akaurudisha mguu kwenye kandambili, akabonyeza kufuta.

"Mbaya hiyo," akasema. "Turudie."