Vineno vya Kifaransa Ukweni Ijumbi

Najua mtacheka, na ndugu zangu wa Buhembe wameshacheka mpaka wamechoka, kwa hiyo nasimulia mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine. Siku ya kwenda Ijumbi kumposa Adela nilipewa kazi moja tu, kunyamaza. Mshenga wangu, baba mdogo Mutalemwa, alinipa punje za kahawa ya kutafuna tukiwa bado njiani akasema, "Muoaji hasemi mbele ya wakwe, nitasema mimi. Mdomo ukikuwasha, tafuna."

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa, na baba yake Adela (hili sikuambiwa mapema) alikifundisha kabla sijazaliwa. Mambo yalikwenda vizuri, rubisi, pombe yetu ya ndizi, imepokelewa, mashangazi wanatabasamu, mpaka mzee, kwa kunichangamsha tu, akasema walimu wa siku hizi wanadai eti "je" na "le", vile vineno vidogo vya Kifaransa, si maneno kamili. "Yanaandikwa peke yake," akasema, "basi ni maneno."

Mmoja wa walimu hao ni mimi. Nikaimeza kahawa.

Nikamwambia, baba, ukibisha hodi ukaulizwa nani, Mfaransa hajibu "je", anajibu "moi", ingawa yote mawili ni "mimi", maana "je" haliendi popote bila kitenzi cha kuegemea, ni sawa na "ni" ya ninakula, na hakuna aliyewahi kubisha hodi akajibu "ni" akanyamaza. Nikasimama. Nikatoa chaki mfukoni (mwalimu haikosi) nikaanza kuandika mifano kwenye mlango wa wakwe. Baba mdogo akanivuta koti, nikadhani ananiunga mkono.

"Waitu, jamani," shangazi mmoja akauliza taratibu, "huyu ndiye muoaji, au mmekuja na washenga wawili?"

Nikakaa. Nilitamani ardhi inimeze, chaki ikiwa bado mkononi.

Mzee hakukasirika, na hilo liliniuma zaidi. "Umenishinda," akasema. "Kumbe lipo neno lisilosimama bila mwenzake. Muoaji naye hasimami bila mshenga. Nendeni, mrudi mkiwa mmepangana."

Tukarudi Bukoba bila jibu. Nilivyomuwaza Adela njiani nililia, sifichi.

Safari ya pili nilitafuna mpaka fizi zikafa ganzi. Mzee akanigeukia, akasema "y" na "en", vineno vingine vya aina ileile, nayo ni maneno kamili kabisa. Nikamtazama baba mdogo.

"Kijana wetu anakubali," akajibu baba mdogo.

Sikubali mpaka leo. Lakini Adela ni mke wangu, na kila tukienda kwa baba yake hunitilia punje za kahawa mfukoni kabla hatujatoka, na chaki anaitoa.