Firigisi ya Bata Mzinga wa Thérèse

Thérèse anaogopa kengele ya mlango. Anaogopa lifti, anaogopa simu ikilia na namba asiyoijua, anaogopa mbwa wa jirani wa chini, mbwa mzee ambaye hata kubweka kumemshinda. Alitoka Uvira kwa miguu akiwa msichana, na nadhani miguu hiyo mpaka leo haijaamini kwamba imefika. Mimi naishi mlango unaotazamana na wake, hapa Evere, Brussels. Nikitaka kuazima chumvi, lazima kwanza nitaje jina langu nikiwa nje, hata kama amenisikia nikikohoa tangu kwenye ngazi.

Lakini mpe jiko. Kwa miaka mingi amemhudumia bibi mmoja Mbelgiji mwenye nyumba kubwa na tumbo dogo, na huyo bibi ndiye aliyemfundisha bata mzinga wa Noeli. Anampaka siagi, anamtia kwenye oveni asubuhi, anammwagia mchuzi wake mwenyewe tena na tena mpaka ngozi inakuwa rangi ya asali. Halafu zinakuja pea, yale matunda matamu ya Ulaya. Anazimenya, anazipasua katikati, anazichemsha polepole kwa divai na mdalasini, na penye shimo la mbegu anajaza airelles, vile vitunda vyekundu vidogo, vikali, vinavyopikwa na sukari. Dukani wapo na dada zao wakubwa, canneberges, lakini Thérèse anasema hao ni wanene wa bure.

Katika jengo letu kila mtu ana namna yake ya kuvila. Watoto wanachovya croquettes, vile viazi vya kukaanga. Mimi natia pilipili na tangawizi, naweka kando ya sombe ya majani ya muhogo na bugali, ugali wetu, na asiyependa asitazame sahani yangu. Kesho yake, nyama baridi ndani ya mkate, airelles juu, unakula umesimama mbele ya friji. Hiyo ndiyo inazishinda zote.

Noeli ya mwaka jana haikuwa ya kula umesimama. Binti wa Thérèse, Anaïs, alikuwa amependana na Joël, kijana mpole wa watu wa Likasi, kusini ya Kongo. Baba ya Joël, Papa Kyungu, akatuma neno: atakuja kula Noeli kwa Thérèse pamoja na mdogo wake Crispin, na wakimaliza kula atasema kama ndoa ipo au haipo.

Papa Kyungu ndiye mkubwa wa jamaa yao hapa Brussels. Na katika jamaa yao, ukiwapokea wakwe, ndege analetwa mezani akiwa kamili, na firigisi yake, nzima, bila kukatwa, inawekwa mbele ya mkubwa. Yeye anakula kwanza, ndipo wengine wanagusa chakula. Firigisi ikikosekana, ni sawa na kumwambia mgeni kwamba kwenu yeye si mtu. Mara moja, huko Saint-Josse, ilikosekana. Papa Kyungu alisimama, akavaa koti lake, akatoka, na ndoa ya yule msichana ikatoka pamoja na koti. Wanawake wa saluni za Galerie d'Ixelles wanaisuka hadithi hiyo kwenye kila kichwa.

Kwetu Kivu, firigisi anakula aliye karibu na sufuria. Lakini nani angemwambia Papa Kyungu?

Asubuhi ya Noeli tulitoka misa ya kwanza. Nilikuwa ndiyo navua viatu niliposikia mlango unagongwa, na sauti ya Thérèse nje.

"Maman Berthe, fungula. Nimekufa."

"Mufu hagongaka mulango. Ni nini?"

"Firigisi haiko."

Nilimfuata hadi jikoni kwake. Bata mzinga alilala pale mezani, safi kama mtoto aliyetoka kubatizwa. Niliingiza mkono mpaka kiwiko. Hakuna ini, hakuna moyo, hakuna hata shingo.

"Ulimuambia nini muchinjaji?"

Alifunika mdomo kwa aproni. "Nilimuambia ile namuambiaka siku zote. Videz tout, monsieur, proprement, toa yote ya ndani. Madame hapendaka matumbo."

"Madame gani? Madame atakula hapa leo?"

"Ni mudomo njo ilisema, Maman Berthe. Miye sikuisikia."

Ndiyo hivyo. Ukinunua nyama miaka yote kwa mdomo wa mtu mwingine, siku yako ikifika mdomo unakununulia ya yule yule.

Nilipanda basi mpaka Saint-Josse. Mchinjaji hasherehekei Noeli, kwa hiyo alikuwa amefungua, Mungu ni mwema. Lakini firigisi za bata mzinga hazikuwepo. "Wamama wa Kongo walizichukua zote jana, madame, mpaka ya mwisho." Alikuwa nazo za kuku. Nikachukua za kuku.

Ndani ya basi la kurudi, mfuko ukiwa juu ya mapaja yangu, hofu ya Thérèse ilinipata na mimi. Mimi siogopi watu. Lakini akilini nilimwona Anaïs, mtoto niliyemfundisha kuendesha baiskeli kwenye korido, akiwa amesimama dirishani, na koti jeusi linaondoka.

Thérèse alichagua firigisi kubwa kuliko zote, akaikaanga na kitunguu, akaiweka kwenye sahani ndogo kando ya bata mzinga. Ilionekana kama kifungo kilichodondoka kutoka kwa nguo ya mtu.

"Ataona," alisema.

"Ataona nini? Ni muzee, na miwani yake ni ya zamani."

"Maman Berthe, ule muzee alifugaka dinde kule Likasi. Joël njo alisema."

Dinde ndiye huyo huyo bata mzinga. Habari hiyo ningeweza kuishi bila kuijua.

Anaïs alikuwa anafuta glasi. "Maman, tumuambie tu ukweli."

"Weye nyamaza," nikamwambia. "Ni weye tunauzisha, bidhaa hazisemaka."

Alicheka peke yake. Kengele ikalia, na kijiko kikamponyoka Thérèse.

Papa Kyungu aliinama kidogo kupita mlangoni. Koti lilimfika chini ya magoti. Thérèse alinyoosha mikono kulipokea, naye akatikisa kichwa. "Baridi," akasema, akakaa nalo mezani. Thérèse akanitazama. Na mimi nilikuwa nimeliona. Nyuma yake aliingia Joël, na nyuma ya Joël Crispin, mnene, mwenye tabasamu, akimtazama kaka yake kama mtu anayetazama kiti ndani ya basi, akingoja mwenye kukikalia ashuke.

Tulisali. Thérèse alikunja magoti, akaweka firigisi mbele ya mzee kwa mikono miwili, na ile sahani ndogo ikawa inagonga meza, ta-ta-ta, mpaka alipoiachia.

Papa Kyungu aliitazama firigisi. Aliitazama muda mrefu. Joël aliacha kupumua, nilimsikia.

"Grand frère, kula basi, tunangojea," Crispin akasema. "Ao imekushinda?"

"Nani amekuambia imenishinda?"

Akashika uma. Hapo niliona jambo ambalo sikulielewa. Mtu aliyesema anasikia baridi alikuwa na jasho kwenye paji la uso.

"Mama," akamuuliza Thérèse, "hii dinde ilikuwa mukubwa?"

"Ilikuwa ya kadiri, papa," akajibu Thérèse, na bata mwenyewe amelala mbele yetu, mkubwa kama sanduku la safari.

Ilibidi mtu aseme kitu. "Alors, Tonton Crispin," nikasema, "tunakupa bugali, ao tukuitie bukari kama kwenu ndio ushuke vizuri ku tumbo?"

"Bukari ni bukari, mama, nyie watu wa Kivu ndio mulipoteza jina," akaanza, na wote wakamgeukia kucheka. Kwa pembe ya jicho nilimwona Papa Kyungu anaichoma firigisi, anaisukuma ndani ya shimo la pea, na kuifunika kwa airelles. Akapangusa midomo. Akatafuna hewa. Akameza.

"Nimekula," akasema. "Na nyie kuleni."

Thérèse akakaa chini kwa mara ya kwanza siku hiyo. Lakini mimi nyama haikuwa na ladha tena mdomoni. Ameona, nilijiambia. Amejua ni ya kuku, na ameiweka pale iwe ushahidi. Atakula kwanza, kisha ataifukua mbele ya mdogo wake, na atasimama. Koti tayari amevaa. Niliilinda ile pea kwa macho kama nyoka aliyeingia nyumbani. Yeye hakuigusa. Alimega bukari, alichovya kwenye mchuzi, nyama aliiparua vipande vidogo kama anamlisha mtoto.

Thérèse aliinuka kukusanya sahani. "Papa, peya haukugusa. Haikukupendeza?"

Nilisimama hadi kiti kikaanguka. "Acha, nabeba miye."

Mikono mitatu ikakutana kwenye sahani moja: wa Thérèse, wangu, na wa Papa Kyungu, aliyeishika kwa nguvu kuliko sisi sote.

"Maman Berthe aipeleke," akasema taratibu. Kisha akanifuata jikoni, eti anataka maji.

Nilisukuma mlango kwa nyonga. Nilikuwa nimeshafungua kinywa kuomba msamaha aliponikaribia na kushusha sauti.

"Mama, usiionyeshe mutu." Akavuta mdomo wake kwa kidole. "Haya meno ni ya kubandika, ya juzi tu. Hata mukate inanishinda. Crispin akijua kama sitafune tena firigisi, ataambia jamaa yote nimezeeka, atakalia kiti yangu."

"Ni weye njo uko unaogopa?"

"Tangu Jumapili sijalala."

Nilimtazama, mrefu vile, ndani ya koti lake. Halafu nikaitoa firigisi kwenye pea, na airelles zake juu, nikaitia mdomoni, nikaitafuna na kuimeza.

"Firigisi gani?" nikamuuliza.

Alivuta pumzi ndefu. Alipofika mlangoni akageuka. "Lakini ilikuwa kadogo, hein?"

"Dinde za huku hazitembeaka, papa."

"Ah," akasema. "Ni vile."

Alirudi mezani, akavua koti, akampa Thérèse, ambaye alilibeba kama mtoto mchanga. Akasema ndoa ipo. "Lakini kitu moja." Thérèse akalikumbatia koti kwa nguvu. "Siku ingine, firigisi muikate mudogo-mudogo, muipike pamoja na zile airelles. Tuko Ulaya, tubadilike kidogo."

Anaïs alimrukia shingoni, Joël akasema baba yake amekuwa wa kisasa.

Walioana baada ya Pasaka. Siku ya sherehe Papa Kyungu, divai ikiwa imemkolea, alivua meno mwenyewe kuwachekesha watoto, kwa hiyo simwagi siri ya mtu. Na ile ya kuku aliambiwa na Anaïs, ambaye hajui kunyamaza. Mzee alisema alidhani ni bata mgonjwa.

Juzi Thérèse alikwenda Saint-Josse kuagiza bata mzinga wa mwaka huu, mapema, asije akakosa. Aliporudi alikuja moja kwa moja kugonga kwangu, kofia bado kichwani.

"Maman Berthe, sikumbuki. Nilimuambia aiache, ao nilimuambia aitoe?"

Nikavaa viatu.